Gedi ya ardhini na Gedi ya angani

Wakazi wa Dabaso wanaishi kati ya msitu mkubwa na mikoko. Siku hizi miti yao hupimwa kimo kutoka umbali wa kilomita 400 angani. Lakini je, kipimo hicho chaweza kuaminiwa bila wenyeji?

UKITOKA Mombasa kwa basi au matatu kuelekea Malindi, baada ya kuvuka daraja la Kilifi na kupita Tezo na Matsangoni, barabara huanza kupita kati ya misitu miwili isiyofanana hata kidogo. Mkono wa kushoto ni Arabuko-Sokoke, msitu wa nchi kavu, umesimama kama ukuta. Mkono wa kulia, nyuma ya minazi, miembe na mashamba ya mihogo, kuna hori ya Mida, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu na kuzungukwa na mikoko. Hapo katikati ndipo ilipo Dabaso.

Abiria wengi hawashuki hapa. Mtalii ana haraka ya kufika Watamu, mwanafunzi anashuka Gede kutazama magofu, na mfanyabiashara anawahi soko la Malindi. Hata hivyo, mtu akitaka kuelewa jinsi msitu unavyoweza kuibiwa huku ukibaki pale pale, ni vigumu kupata mahali pafaapo zaidi ya hapa.

Jambo hilo laweza kukutatiza, msomaji, lakini ni la kweli. Ramani hupima msitu kwa upana: hekta kadhaa, kilomita kadhaa za mraba. Arabuko-Sokoke, mathalani, una takriban kilomita 420 za mraba. Lakini msitu haukui kwa upana peke yake. Hukua pia kwenda juu. Mwizi mwerevu haugusi mpaka. Huingia ndani, akachagua mti mmoja mnene, akauangusha, akatoka nao usiku. Mpaka haukusogea hata hatua moja, na ramani haikubadilika. Kilichopungua ni kimo.

Ndiyo sababu wataalamu wa misitu duniani wamekuwa wakitafuta njia ya kupima kimo cha misitu mizima, si mti mmoja mmoja, na kufanya hivyo wakiwa mbali, bila kupanda mti wala kukanyaga tope.

JINA MOJA, MAMBO MAWILI

Kilomita chache kutoka Dabaso, ukielekea kaskazini, yapo magofu ya Gede. Mji huo wa Waswahili ulianza yapata karne ya 12 na kuhamwa katika karne ya 17. Mwaka 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alianza kuufukua kutoka kwenye mizizi na majani, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wengine huliandika jina lake Gede, wengine Gedi.

La ajabu ni kwamba angani nako kumekuwa na Gedi nyingine. Desemba 2018, Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilirusha chombo cha kupima misitu kwa miale ya leza. Kilifungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ile nyumba ya wanaanga inayoizunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 400 juu yetu. Chuo Kikuu cha Maryland ndicho kilichoongoza kazi hiyo. Jina refu la chombo hicho lilifupishwa kwa herufi nne: GEDI.

Majina hayo mawili hayana udugu wowote. Wamarekani hulitamka lao "Jedai", kwa utani wa filamu za Star Wars. Lakini mtu wa pwani akiliona limeandikwa, hulisoma Gedi, na mara moja hukumbuka misikiti na makaburi ya mawe.

Wala si mara ya kwanza kwa pwani hii kuhusiana na anga. Kule Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi, Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti kwenye majukwaa yaliyosimama baharini. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo ya setilaiti hizo iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ikapewa jina la Uhuru. Hiyo ilichunguza nyota. GEDI iligeuza uso chini, ikachunguza miti.

ALIYEPIMA MSITU KWA BORITI

Kabla ya leza, pwani ilikuwa na vipimo vyake. Ukiingia magofu ya Gede utaona kuwa vyumba ni virefu lakini vyembamba, kama ushoroba. Sababu ni mti. Dari nzito ya mawe na chokaa ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito huo ikivuka nafasi inayozidi mita mbili na nusu au tatu hivi. Basi upana wa chumba cha tajiri na cha maskini uliamuliwa na mti uliotoka topeni.

Biashara ya miti hiyo ilikuwa na lugha yake. Mti mwembamba kabisa ni fito, wa kujengea kuta za udongo. Ukinenepa kidogo ni pau. Kisha huja mazio, boriti, nguzo, na ule mnene kuliko yote, banaa. Iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Majahazi yaliipakia katika pwani yetu yakaipeleka Uarabuni na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje ya nchi mwaka 1982.

Hebu itazame lugha hiyo vizuri. Mkataji hakuuliza mkoko una hekta ngapi. Aliuliza una boriti ngapi. Alipoingia ndani alichagua mti uliosimama wima na kunenepa sawasawa, akauacha uliopinda na wenye matawi mengi. Hivyo sehemu iliyokatwa mara kwa mara hubaki na fito na miti iliyopinda, lakini ukiitazama kwa mbali bado ni kijani. Mwaka 2002 Dkt. James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu jinsi mikoko ya Mida inavyochipuka upya. Swali lao lilikuwa hilo hilo: je, mustakabali wa mikoko hiyo uko salama au umeshaharibiwa?

Ng'ambo ya barabara, Arabuko-Sokoke una hadithi kama hiyo. Msitu huo si wa aina moja. Sehemu ya mashariki, iliyo karibu na barabara, ina miti mchanganyiko kama mbambakofi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna mirihi iliyoachana, mwanga ukipenya mpaka chini. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, miti imesongamana, na humo ndimo ulimokuwa muhuhu kwa wingi. Muhuhu ni mgumu na una rangi nzuri, hivyo wachonga vinyago waliupenda, nao ukawindwa kwa miaka mingi.

Katika udongo huo mwekundu huishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1965. Inadhaniwa kuwa ndege huyo hutaga katika matundu ya miti. Chini, penye majani makavu, hukimbia sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama asiyeonekana kwa urahisi popote pengine duniani. Muhuhu mnene ukiondoka, hekta haipungui, lakini huenda bundi amepoteza nyumba.

KIJANI HAKISEMI KIMO

Tangu mwaka 1972 setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha dunia yote. Picha hizo zimetusaidia sana. Zinaonyesha wapi msitu umefyekwa na kuwa shamba, na wapi mikoko imekauka. Lakini zina upungufu mmoja. Ukiwa juu, kijani ni kijani. Kichaka cha mita tatu na msitu wa mita kumi na tano vyaweza kufanana kama mapacha.

Fikiria umesimama juu ya ghorofa refu jijini Nairobi ukitazama chini kwenye soko lenye miavuli. Utahesabu miavuli, utaona rangi zake, na utajua eneo lililofunikwa. Lakini hutajua kwa urahisi kama walioishika ni watu wazima au watoto. Ndivyo ilivyo kwa picha ya kawaida ya msitu. Inaonyesha mwavuli, haionyeshi mpini.

MWANGWI WA MWANGA

Hapo ndipo leza inapoingia. Mtoto aliyewahi kupiga kelele katika kisima kirefu anajua kuwa sauti huchukua muda kurudi, na kadiri kisima kilivyo kirefu ndivyo mwangwi unavyochelewa. Leza hufanya vivyo hivyo, ila hutumia mwanga badala ya sauti.

Chombo cha GEDI kina leza tatu, kila moja ikimweka mara 242 kwa sekunde. Mwanga wake hauonekani kwa macho wala haumdhuru mtu. Kila mmweko hufika chini ukiwa umetanuka na kuangaza duara lenye upana wa takriban mita 25. Sehemu ya mwanga hugonga majani ya juu kabisa na kurudi. Nyingine hupenya kati ya majani, ikagonga matawi ya chini, ikarudi kwa kuchelewa kidogo. Ile ya mwisho hugonga udongo. Tofauti ya muda kati ya mwangwi wa kwanza na wa mwisho ndiyo kimo cha msitu.

Hesabu yake ni rahisi hata kwa mwanafunzi wa shule ya upili. Mwanga husafiri sentimita 30 katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mti ukiwa na urefu wa mita 12, mwanga unaofika udongoni husafiri mita 12 zaidi kwenda na mita 12 zaidi kurudi, jumla 24. Hizo ni nanosekunde 80. Saa ya mkononi haiwezi kuhesabu muda huo, lakini chombo chaweza.

Isitoshe, mwangwi huo una umbo. Shamba la mihogo hurudisha kilima kimoja kifupi. Msitu wenye matabaka, majani juu, matawi katikati na vichaka chini, hurudisha vilima kadhaa vinavyofuatana. Kwa hivyo mtaalamu hajui kimo tu, bali pia hujua jinsi msitu ulivyojaa kutoka juu hadi chini.

Hata hivyo, leza haikupima kila mti. Duara moja liko mita 60 kutoka kwa jingine katika mstari, na mistari yenyewe imeachana kwa takriban mita 600. Katikati hubaki nafasi tupu. Ili kuzijaza, wataalamu huchukua picha za kawaida za setilaiti na kuifunza kompyuta: penye rangi na sura kama hii, leza ilipata mita 8, penye sura kama ile, ilipata 15. Kisha kompyuta hukadiria mahali ambapo leza haikupita. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa na Peter Potapov wa Chuo Kikuu cha Maryland lilitoa ramani ya kimo cha misitu ya dunia kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Mwaka 2023 watafiti wa Zurich, Uswisi, wakatoa nyingine ya vipande vya mita 10. Ramani hizo zilitolewa bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuitafuta Dabaso humo.

GEDI yenyewe iliwekwa kando Machi 2023 ili kupisha chombo kingine, ikarejeshwa mahali pake Aprili 2024. Nao Wazungu wa shirika la anga la Ulaya walirusha setilaiti ya rada iitwayo Biomass mwezi wa Aprili 2025, kwa ajili ya kupima uzito wa misitu.

KWA NINI MKOKO WA GABON UMETUSHINDA

Kwa mikoko, kulikuwa na ujanja mwingine hata kabla ya GEDI. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada iliyopima mwinuko wa ardhi. Penye msitu, rada hiyo haikufika chini sawasawa. Ilipima karibu na vilele vya miti. Mlimani hilo ni tatizo, maana hujui mwisho wa ardhi na mwanzo wa mti. Lakini mikoko huota penye usawa wa bahari. Ardhi yake ni kama sufuri. Basi mwinuko wowote uliopimwa hapo ni mti wenyewe.

Kwa kutumia rada hiyo pamoja na leza ya setilaiti ya zamani, Marc Simard wa NASA na wenzake walichapisha mwaka 2019 ramani ya kimo cha mikoko ya dunia nzima. Mikoko mirefu kuliko yote waliikuta Gabon, ikifikia mita 62.8. Hiyo ni zaidi ya nusu ya jumba la KICC jijini Nairobi!

Mgeni akisimama Dabaso na kutazama mikandaa inayomfikia kichwani, huenda akacheka. Asicheke. Watafiti hao walionyesha kuwa kimo cha mikoko huendana na mvua, joto, na tufani ngapi hupiga pwani. Gabon ina mvua nyingi na haipigwi na tufani. Mida haina mto mkubwa unaoingiza maji baridi. Hupata maji ya mvua na yale yanayopenya chini ya ardhi. Penye chumvi nyingi, mti hutumia nguvu kuishi badala ya kurefuka. Kwa hivyo mkoko mfupi si lazima uwe mkoko ulioharibiwa. Swali la maana si kama Mida ni fupi kuliko Gabon. Ni kama Mida ya leo ni fupi kuliko Mida ya jana.

MAJI YAKIJAA, MTI HUPUNGUA

Na hapa ndipo mtu wa Dabaso anapokuwa na la kumwambia mtu wa Maryland.

Kwanza, kuna maji. Leza ya GEDI haipenyi maji. Wakati wa bamvua, maji huingia mikokoni na kufunika mizizi. Leza ikipita saa hiyo, mwangwi wa mwisho hutoka juu ya maji, si topeni. Mkandaa wa mita mbili na nusu uliosimama katika maji ya mita moja utaandikwa mita moja na nusu. Saa sita baadaye, maji yakitoka, mti huo huo utakuwa umerefuka kwa mita nzima! Mvuvi wa hapa hahitaji kompyuta kujua kosa liko wapi. Anajua siku za bamvua na siku za maji mafu kama ajuavyo majina ya watoto wake.

Pili, kuna mahali. Duara la leza laweza kukosewa mahali lilipo kwa takriban mita 10. Ndani ya Arabuko-Sokoke, mita kumi si kitu. Ni mti ule na mwenzake. Lakini ukingoni mwa hori, mita kumi ndiyo tofauti ya mkoko na maji matupu, au ya mkoko na shamba la mtu.

Tatu, kuna minazi. Mnazi mkongwe huwa mrefu kuliko mkandaa mara nyingi, na mvinje uliopandwa kwa ajili ya nguzo hupanda juu upesi. Ramani inayopima kimo pekee itaona urefu na kudhani imepata msitu. Mwenyeji ataona shamba.

Nne, kuna tope. Sehemu kubwa ya kaboni iliyohifadhiwa na mikoko imo katika tope, chini ya mizizi, ambako leza haifiki kabisa.

Haya hayamaanishi kuwa leza haifai. Inafaa sana. Lakini penye misitu mifupi kama yetu, kosa la mita mbili au tatu ni kubwa mno. Kwenye mkoko wa Gabon wa mita 60, halisumbui mtu. Kwenye mkandaa wa Mida, ni mti mzima.

MITA MBILI ZA KISHERIA

Huenda msomaji akauliza: haya yote yana faida gani kwa mtu anayevua kaa?

Chukua tafsiri ya msitu. Shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huhesabu msitu kuwa ni mahali penye miti inayoweza kufikia mita 5. Kenya, katika hesabu zake za misitu, imechukua mita 2, eneo la angalau nusu hekta, na kivuli kinachofunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Basi penye miti mifupi, kipimo cha kimo ndicho kinachosema kama hapo ni msitu au ni kichaka. Kama hesabu ingefanywa kwa leza peke yake, mkandaa wetu uliopimwa maji yakiwa yamejaa ungeangukia nje ya mstari.

Isitoshe, kimo siku hizi kina bei. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji walianza mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki ya kaboni iliyohifadhiwa humo. Pesa hizo zimesaidia maji na shule za kijiji. Ili kujua kaboni ni kiasi gani, lazima ujue unene na kimo cha miti, na hupimwa kwa utepe na mikono ya watu, mti kwa mti. Kadiri leza zinavyoenea, ndivyo wanunuzi watakavyotaka kupima kutoka angani, maana ni nafuu. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kijiji kisichojua kipimo kinavyofanywa kitapokea bei iliyopangwa na mwingine.

Serikali nayo ina shabaha yake. Hesabu ya misitu iliyotolewa baada ya tathmini ya mwaka 2021 ilisema asilimia 12.13 ya nchi ina miti, na sasa nia ni kufikia asilimia 30 ifikapo mwaka 2032. Hiyo ni shabaha njema. Lakini ni shabaha ya upana. Miche milioni moja ya kimo cha goti yaweza kuongeza asilimia siku moja, hali muhuhu mmoja wa miaka mingi ukianguka haupunguzi asilimia yoyote. Tukihesabu mwavuli bila mpini, tutafurahia takwimu huku msitu ukiinama.

JIPIMIE MWENYEWE

Watoto wanaweza kupima kimo cha mti bila leza, hata kwenye uwanja wa shule. Chukua kijiti chenye urefu sawa na kutoka jicho lako hadi ngumi yako mkono ukiwa umenyooka. Kishike wima mbele yako, mkono umenyooka vile vile. Rudi nyuma taratibu huku ukiutazama mti, mpaka kijiti kiufunike kuanzia shina hadi kilele. Simama. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye mti ni sawa na urefu wa mti.

Njia nyingine ni kivuli. Simamisha kijiti cha mita moja. Kivuli chake kikiwa sentimita 80 na kivuli cha mti kikiwa mita 8, basi mti una mita 10. Fanya hivyo saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri. Pwani, saa sita mchana, kivuli huwa kifupi, hivyo ni vigumu zaidi kukipima vizuri.

Andikeni jina la mti, tarehe na kimo katika daftari, kisha mrudi mwaka ujao. Daftari la namna hiyo, likitunzwa miaka kumi, litakuwa na kitu ambacho leza haina: mti ule ule, mahali pale pale, ukipimwa na mtu yule yule.

UKIFIKA DABASO

Endapo familia yako itasafiri pwani wakati wa likizo, tengeni siku moja kwa ajili ya upande huu. Anzeni na msitu asubuhi mapema, ndege wakiwa macho. Kutoka kituo cha misitu cha Gede mtapata mtu wa kuwaongoza. Kutoka kilima cha Nyari mtautazama msitu kutoka juu, kama GEDI ilivyoutazama, na mbele yenu mtaona Mida na bahari. Hapo mtaona wenyewe kwamba kilele cha msitu si tambarare kama zulia. Kina mabonde, vilima na mashimo. Kila shimo lina sababu: mti ulikufa, ulipigwa na upepo, au ulichukuliwa.

Mchana nendeni Dabaso ufukoni. Kikundi cha uhifadhi cha hapo kimejenga njia ya mbao katikati ya mikoko na mkahawa unaosimama juu ya maji, na samosa zao za kaa zina sifa. Ulizeni majina: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mkandaa, mchu, muia, mlilana. Ulizeni pia maji yatajaa saa ngapi, na uo upi ukatwao na upi uachwao. Vijana wanaoongoza wageni wanayajua hayo, nao hupenda kuulizwa.

Kisha tazameni alama ya maji kwenye mashina. Juu ya alama hiyo ni sehemu ya mti ambayo leza huiona maji yakijaa. Chini yake ni sehemu ambayo, hadi leo, huandikwa sawasawa na mtu aliyekubali kuingia topeni akiwa na utepe mkononi.